Usiruke Njia Ambayo Hujaipita

Katika ile michezo mikubwa ya kompyuta ambapo mchezaji hupewa nchi nzima azurure atakavyo, kuna amri moja inayozua ubishi usiokwisha. Mchezaji anafungua ramani, anachagua mji, anabonyeza, na kufumba na kufumbua yuko langoni. Mlima aliopaswa kuupanda, mto aliopaswa kuuvuka, majambazi waliokuwa wakimvizia kichakani, vyote vimebaki nyuma bila kuguswa. Amri hiyo nitaiita mruko. Wapo wanaosema ni baraka isiyo na mfano, na wapo wanaoapa kwamba hawataigusa. Kwa mtu asiyecheza, huu waweza kuonekana ugomvi wa vijana wenye saa za kupoteza. Mimi naona ndani yake swali zito kuhusu kazi ya umbali: mwendo kati ya mahali na mahali ni kero ya kuondolewa, au ndio unaopafanya mahali pawe mahali? Kama kuna watu wenye haki ya kulijibu, ni wa Nakuru, mji uliozaliwa na njia na unaoishi kwa njia hadi leo, tangu kituo cha reli ya mkoloni mpaka ulipotangazwa kuwa jiji Desemba 1, 2021. Jibu langu ni kwamba mruko utumike, lakini usitumike kamwe katika njia ambayo mchezaji hajaipita mwenyewe, hatua kwa hatua. Na wanaotengeneza michezo hii waache kuuficha ndani ya ramani. Waupe gari, dereva, kituo na nauli.

Tuanze na ukubwa. Skyrim, mchezo wa kampuni ya Bethesda uliotoka Novemba 2011 na ambao ungali unachezwa, una nchi ya milima ya theluji yenye majimbo tisa, miji, mapango na magofu. Wachezaji walioipima ramani yake hupata takriban kilomita za mraba 37. Sasa simama, kwa mawazo, ukingoni mwa Menengai, juu ya jiji la Nakuru. Shimo lile la volkano lina urefu wa kama kilomita 12 na upana wa kama 8. Nchi nzima ya Skyrim, pamoja na majimbo yake tisa na vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, ingeingia mle, na ingebaki nafasi inayokaribia kutosha Skyrim nyingine. Hata hivyo mtu aliyeicheza mwezi mzima atakwambia amezunguka nchi, na hasemi uongo. Njia za mle zinapindapinda kwa makusudi, mlima unasimama mbele ya mji ili mtu auzunguke, usiku unaingia akiwa katikati ya msitu, theluji inamfunga macho. Kilomita chache zimegeuzwa kuwa nchi kwa sababu kila moja imelipiwa kwa muda na kwa tahadhari. Ukiondoa malipo hayo, unarudi kwenye kipimo cha kweli: ukumbi mdogo kuliko shimo moja la Menengai, wenye majina mengi yaliyobanana.

Watengenezaji wenyewe wanajua hivyo. Mapema katika hadithi ya Skyrim mchezaji huitwa na wazee wanaoishi katika monasteri ya High Hrothgar, juu ya mlima mrefu kuliko yote. Hakuna farasi wa kukodi wala gari la kumfikisha huko. Anapanda njia iitwayo Ngazi 7,000, akipita mawe yaliyochongwa maandishi ya zamani, akikutana na mahujaji wawili watatu, na kabla ya kufika akivamiwa na zimwi la theluji ambalo limewamaliza wachezaji wengi wachanga. Anapousukuma mlango wa monasteri, ukimya wa ndani unamgusa, kwa sababu nje alikotoka palikuwa na upepo na vifo. Baada ya hapo anaruhusiwa kurudi kwa mruko, na karibu kila mtu hufanya hivyo bila kujutia. Hakuna kilichopotea, mlima ulishasema neno lake mara ya kwanza. Lakini lau mruko ungempeleka tangu mwanzo, High Hrothgar ingekuwa chumba kingine tu chenye wazee wenye ndevu.

Mara ya kwanza njia husema nini hasa? Hapa sina haja ya kwenda mbali, maana Bonde letu la Ufa lenyewe ni mfano bora kuliko wowote uliowahi kuchorwa na kompyuta. Chukua barabara ya kutoka Nakuru kwenda Marigat, kama kilomita 100. Unaondoka mjini kwenye mwinuko wa meta 1,850 hivi, hewa ina ubaridi, mashamba ni ya mahindi. Unapita Kabarak, unateremka. Ukifika Mogotio mahindi yameshakuwa haba, mkonge umejipanga kwa mistari hadi machoni panapoishia, na kando ya barabara kuna kibao kinachokwambia umevuka Ikweta. Unazidi kuteremka. Migunga inachukua nafasi ya miti mingine, udongo unabadilika rangi, mbuzi wanakuwa wengi kuliko ng'ombe, na chupa za asali zinaanza kuonekana zimepangwa kando ya lami. Ukitia mguu Marigat uko chini kwa karibu meta 800 kuliko ulikoanzia, na joto linakupokea kama mlango wa jiko. Kisha, katikati ya ukavu huo, unakuta mashamba ya Perkerra yamenyweshwa maji ya mto na yamesitawi. Mtu aliyeipita njia hiyo haambiwi kwa nini mfereji wa maji ni mali pale. Ameshaeleweshwa na shati lake lililomgandama mgongoni. Mtu aliyeruka kutoka Nakuru hadi Marigat angeona shamba la kijani, akasema shamba zuri, akaendelea na shughuli zake.

Hivyo ndivyo bonde lote lilivyo. Ziwa Naivasha lina maji matamu, Elementaita na Nakuru yana magadi, Bogoria lina magadi na chemchemi zinazochemka, kisha Baringo maji matamu tena. Katika ramani, maziwa hayo ni alama tano za buluu, zote sawa. Ni kwa kuyafuata moja baada ya jingine ndipo mtu anapojiuliza kwa nini maua ya kuuzwa ng'ambo yanalimwa kandokando ya ziwa moja na heroe wanajaa katika jingine. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 na chumvi yake kuzimuliwa, wengi wa ndege hao walihamia Bogoria. Habari hiyo humwingia vizuri aliyepita kati ya maziwa hayo na kuona jinsi yalivyo jirani na jinsi yalivyo tofauti. Mahali hueleweka kwa majirani zake, na majirani hukutwa njiani.

Hoja yangu isieleweke kwamba umbali mtupu una thamani. Historia ya michezo yenyewe inakataa. Mwaka 1996 Bethesda walitoa Daggerfall, mchezo ambao nchi yake ilitangazwa kuwa na ukubwa unaokaribia ule wa Uingereza, wenye maelfu ya vijiji na makaburi yaliyopangwa na kompyuta. Kuivuka kwa miguu kungechukua siku nzima na zaidi za kukaa mbele ya skrini, kwenye uwanda uleule, kupita miti ileile. Hakuna aliyefanya hivyo ila kwa kutaka sifa. Mchezo wenyewe ulitegemea mruko: unachagua mji, unachagua kama utalala katika nyumba za wageni au porini, kama utakwenda kwa hadhari au kwa pupa, na siku zinahesabiwa. Nauhesabia Daggerfall haki yake: pale ambapo njia haina kitu, mruko ni uungwana. Mchezo unaomlazimisha mtu avuke uwanda mtupu, ili saa za kucheza zionekane nyingi kwenye tangazo, unamwibia. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuuliza mchezo wowote ni hili: njia zake zina nini? Na jibu halipatikani ila kwa kuzipita walau mara moja.

Miaka sita baadaye kampuni hiyohiyo ilifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapitwa. Katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, waliondoa mruko wa ramani kabisa. Badala yake waliweka usafiri ulio mali ya wenyeji. Pembeni mwa miji kuna wadudu wakubwa kama ghorofa, wenye miguu mirefu, ambao mgongo wao umechimbwa nafasi ya abiria. Kuna mwenye mdudu, kuna jukwaa la kupandia, kuna nauli, na mdudu hafiki kila mahali. Kutoka mji wa Balmora unaweza kupelekwa Ald'ruhn, Suran, Vivec au Seyda Neen. Ukitaka kwingine, unashuka na kuunganisha. Pwani kuna mashua zenye njia zake. Chama cha wachawi kina watu wa kumrusha msafiri kwa uchawi kati ya matawi yake, kwa nauli. Msomaji yeyote wa Nakuru ameshalitambua jambo hili: ni mtandao wa matatu. Kutoka Njoro hupati gari la moja kwa moja la kwenda Kabarnet. Unaingia Nakuru, unavuka hadi steji nyingine, unaunganisha. Kwa nini Nakuru ni Nakuru? Kwa sababu hapo ndipo anayetoka Naivasha, anayetoka Molo, anayetoka Nyahururu na anayetoka Baringo hukutana wakibadilisha gari. Mruko wa ramani hauna makutano. Kila mahali pako sawa na kila mahali, kubonyeza kumoja, na kwa sababu hiyo hakuna mji unaoweza kuwa mkubwa kuliko mwingine isipokuwa kwa wingi wa nyumba. Mchezaji wa Morrowind, baada ya wiki moja, anajua miji ya makutano kama anavyojua kiganja chake, na ujuzi huo ameupata bila kufundishwa.

Hapa hujitokeza pingamizi ambalo husikika mara nyingi na ambalo huonekana halijibiki: kama hupendi mruko, usiubonyeze, waachie wengine uhuru wao. Ningekubali iwapo kuwepo kwa mruko hakungebadilisha kitu kingine chochote ndani ya mchezo. Lakini kunabadilisha. Katika Morrowind, anayekutuma kwenda pangoni anakueleza njia kwa maneno: toka mjini kwa upande wa kusini, fuata mto, ukifika darajani shika mkono wa kushoto. Ndivyo mtu wa Subukia au wa Bahati anavyomwelekeza mgeni hadi leo, kwa kanisa, kwa kinu, kwa mti uliopigwa na radi. Mchezaji husikiliza, huandika, hukosea, huuliza. Kisha mwaka 2006 ukaja Oblivion, ambao mara tu utangulizi unapokwisha unamruhusu mtu kuruka hadi miji mikubwa ambayo hajaiona, na unampa mshale unaomwonyesha alikotumwa. Anayekutuma hana tena haja ya kueleza, kwa hiyo haelezi. Anayekataa mruko katika mchezo kama huo anajikuta akitembea katika nchi ambayo wenyeji wake hawajui kuelekeza, akiufuata mshale. Kazi moja inamtuma kaskazini mwisho, inayofuata kusini mwisho, kisha kaskazini tena, kwa sababu aliyezipanga alijua mtu ataruka. Kumwambia huyo asibonyeze ni sawa na kufunga steji zote za mji halafu kumwambia abiria yuko huru kutembea. Skyrim ulirudi nyuma hatua moja yenye busara, ukadai mtu awe amefika mahali kabla ya kuparukia, na ukaweka magari ya farasi nje ya miji. Mpaka wangu mwenyewe nimeuchukua hapo, ingawa ni mpaka ambao Skyrim ulikuwa na nafasi ya kuulinda zaidi.

Wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Kabla ya reli, bonde la kati lilikuwa njia ya misafara ya kutoka pwani. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipopita Naivasha na kuelekea Baringo, alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, aliyekuwa akizijua njia hizo kuliko yeye. Wapagazi walibeba mizigo ya kama kilo 30 kila mmoja, na ramani yao ilikuwa vichwani: maji yako wapi, nafaka inauzwa wapi, wapi pana hatari. Vijiji vya Wailchamus kusini mwa Ziwa Baringo vilikuwa maarufu katika misafara kwa sababu watu wake walilima kwa mifereji na walikuwa na chakula cha kuuza. Kituo kama hicho hakikuwa jina tu. Kilikuwa tofauti kati ya kushiba na kufa njaa. Ni lugha ya watu wa misafara hiyo iliyoipa dunia neno safari, na kwetu neno hilo halijawahi kumaanisha kufika, linamaanisha kwenda.

Kwa hiyo sishangai kwamba mchezo ninaoutaja kwa heshima kubwa katika mjadala huu ni wa mpagazi. Death Stranding wa Mjapani Hideo Kojima, uliotoka 2019, unamhusu mtu ambaye kazi yake ni kubeba. Mizigo inapangwa mgongoni kwa uzito, akigeuka ghafla anapepesuka, akivuka mto bila kupima kina anasombwa na vifurushi vyake. Jabali ambalo katika mchezo mwingine lisingeonekana kabisa, humu ni tatizo la dakika tano. Baadaye mchezaji hupata njia ya kuruka, lakini kwa sharti moja: anaruka yeye tu, mizigo inabaki. Naliona sharti hilo kuwa la akili nyingi mno, maana linatenganisha kwenda na kupeleka. Na kuna barabara. Barabara za mle hujengwa kipande kwa kipande, kwa vyuma na kauri ambavyo wachezaji wasiojuana, kupitia intaneti, huvichangia kila mmoja kwa uwezo wake. Siku lami inapokamilika na gari kuteleza juu ya mawe yaliyokuwa yakimwangusha, mchezaji anapata mwendo wa kasi aliouchuma mwenyewe, na kila kona anaijua kwa maumivu yake.

Najua mtu wa Salgaa au Sachangwan anaweza kunikatiza hapo. Atasema: huko kusifia njia ni anasa ya mtu asiyezika. Moto wa lori la mafuta pale Sachangwan, Januari 2009, uliua watu zaidi ya mia moja. Jioni ya Juni 30, 2023, lori liliacha njia pale makutano ya Londiani na kuwaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa wakisubiri magari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Rais William Ruto alipozindua Novemba 2025 upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo wenye magari watailipia, ubishi ulikuwa juu ya ada na juu ya nani anajenga. Sikuona mtu akidai kwamba foleni ya Gilgil ihifadhiwe kwa ajili ya uzuri wake. Pingamizi hili ni la haki na nalikubali lote kwa upande wa barabara za kweli. Mgonjwa anayepelekwa hospitali, maziwa yanayochacha, viazi vya Molo vinavyongojwa sokoni, hao na hivyo vina haki ya kufika upesi na salama, wala hakuna mafunzo ya njiani yanayolipa damu ya mtu. Lakini hapo ndipo tofauti ilipo. Barabarani, kufika ndiko kunakotakiwa na mwendo ni gharama. Katika mchezo hakuna maziwa wala mgonjwa. Mtu amenunua mwendo wenyewe. Hatari yake haimdhuru mtu, uchovu wake unaponywa kwa kuzima mashine, na ukimwondolea mwendo humwokolei kitu chochote, unamnyima bidhaa aliyoilipia. Tena hata katika uhai wetu wa kweli, kasi iliyojenga ni ile iliyokuwa na vituo. Reli iliyofika Ziwa Victoria Desemba 1901 ilipunguza safari ya miezi ikawa ya siku chache, na bado iliacha nyuma yake Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro na Molo. Ilikuwa kasi inayosimama.

Pingamizi la muda ni zito zaidi kwangu, kwa kuwa linatoka kwa watu wasio na kosa. Mfanyakazi anayerudi nyumbani saa mbili usiku ana saa moja ya kucheza kabla ya kulala. Kijana anayecheza katika kibanda cha mtaani hulipia dakika au mechi, na ndiyo sababu mojawapo ya kandanda kutawala vibandani: mechi huisha, safari haiishi. Kumwambia mtu kama huyo atembee nusu saa ili akabidhi barua kwa mzee wa kijiji ni kumdharau. Na wapo wenye maumivu ya mikono au ulemavu ambao kila dakika ya kushika kidhibiti inawagharimu. Kwa hawa wa mwisho sina masharti yoyote: wapewe mruko wazi, tangu mwanzo, bila kuulizwa. Kwa mwenye saa moja, nina jibu tofauti kidogo. Uchache wa muda ni sababu ya kucheza mchezo mdogo kwa ukamilifu, kuliko kuumaliza mkubwa kwa kuruka. Saa moja ya jioni inatosha kabisa kwenda kutoka mji mmoja hadi mwingine, kupotea mara moja, kuokota kitu usichokitarajia na kulala katika nyumba ya wageni ya njiani. Saa hiyohiyo ikitumika kwa miruko sita na makabidhiano sita, mtu amefanya kazi ya tarishi wa ofisi baada ya kutoka ofisini.

Isitoshe, wapo waliokwisha kuonyesha kwamba njia ya kati ipo. Katika Kingdom Come: Deliverance wa mwaka 2018, unaotokea Bohemia ya mwaka 1403, mchezaji anayechagua kusafiri kupitia ramani huona alama yake ikitambaa barabarani, jua linazama, njaa inauma, na pengine anasimamishwa na wanyang'anyi katikati, akalazimika kushuka na kupigana au kukimbia. The Witcher 3 wa 2015 humtaka mtu afike kwenye kibao cha njia panda kwanza, na kibao cha anakokwenda awe ameshakigundua. Dragon's Dogma 2, uliotoka Machi 2024, una mikokoteni ya maksai yenye njia na saa zake. Abiria anaweza kusinzia garini na kuamshwa na majini yaliyovamia. Mawe ya kurukia yapo, ila ni adimu na ghali. Mkurugenzi wake, Hideaki Itsuno, alisema mapema mwaka huo kwamba safari haichoshi kwa asili yake, inachosha pale mchezo wenyewe unapochosha. Nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana lilinisikitisha jambo lililotokea siku ya kutoka kwa mchezo huo: kampuni ya Capcom ilikuwa imeweka dukani, kwa fedha halisi, mojawapo ya vifaa vya kuandalia mruko. Kifaa hicho kilipatikana pia ndani ya mchezo bila malipo ya ziada, lakini wachezaji walikasirika kwa maelfu, na walikuwa na haki. Msanii akiniambia njia ina thamani, halafu duka lake likaniuzia namna ya kuikwepa, nimwamini yupi? Mwendo unapokuwa na bei ya kuuepuka, mtengenezaji anapata sababu ya kuufanya mbaya.

Kwa anayecheza, basi, kanuni ninayoipendekeza ni rahisi. Njia mpya uipite mwenyewe, kwenda na kurudi, maana mlima unaoupanda mchana si ule unaoushuka usiku. Zima mshale kama mchezo unaruhusu. Ukishaipita, panda gari la wenyeji kama lipo. Mruko wa ramani uuweke kwa ajili ya yale makabidhiano yasiyo na jipya, na ukiona unauhitaji kila dakika kumi, jiulize kama mchezo huo unastahili jioni zako.

Na kwa vijana wetu wanaojifunza kutengeneza michezo, nchini mna ramani iliyo tayari kuliko ya Bethesda. Anzeni na bonde hili: kanisa dogo la Waitaliano pale Mai Mahiu, lililojengwa na wafungwa wa vita, Longonot, moshi wa nyama wa Kikopey, Kariandusi na shoka zake za mawe, Hyrax Hill, mteremko wa Marigat. Mwacheni mchezaji avuke yote hayo kwa miguu mara moja. Kisha mpeni usafiri, na usiwe kitufe. Uwe matatu ya viti 14 katika steji ya Nakuru, manamba akiita Mogotio, Mogotio, Marigat, nauli mkononi, redio juu, mama mwenye kuku miguuni pake akisimulia kwamba daraja la mbele limesombwa na mafuriko, habari ambayo mchezaji hangeipata kwingine kokote. Na gari lisiondoke hadi lijae.